Majigambo ya Fisi

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao na vyungu vyao, Fisi alijiona shujaa wa mashujaa. Hakuwahi kupigana hata na panya! Lakini mvua ikinyesha, "Nimeiita mimi." Tembo akifa kwa uzee, "Nilimtazama tu, akafa!" Hata mimi ninayemsimulia ananichosha.

Siku moja jogoo wa Mfalme Simba akapotea.

"Ngruuum! Mwizi nitamla na mkia wake!" akaapa Simba.

Bi Nguchiro akakimbia nyumbani. Akamkuta mumewe, manyoya ya jogoo yamemjaa mdomoni.

"Mume wangu! Umejiua!"

"Nilionja tu, mke wangu."

Mjinga, lakini alimpenda. Basi akaenda mbio kwa Fisi.

"Hodi! Shikamoo, shujaa."

"Marahaba! Umekuja kunisifu?"

"Nimekuja na uchungu. Watu wanasema aliyemla jogoo wa Simba ndiye jasiri kuliko wote. Na wanamtaja Chui!"

"Lo! Chui? Yule paka?" Fisi akafoka, mate yakimruka. "Ngoja ngoma ya kesho!"

Kesho yake ngoma ikalia, ndi! ndi! ndi! Ikafika zamu ya majigambo. Desturi yao, anayejigamba hushika mkuki, hakatizwi, na alisemalo ni kiapo. Fisi akaunyakua mkuki.

"Mimi ndimi Fisi!"

"Eeee!" wakaitikia.

"Mimi ndimi niitaye mvua!"

"Eeee!"

"Mimi ndimi niliyemla jogoo wa Simba!"

Mpiga ngoma akashusha mikono.

"Rudia," akasema Simba polepole.

"Nilimla akiwika! Kokoriko... kwapu!"

Chui na askari wenzake wakamrukia. Wakamfunga miguu kwenye gongo refu, wakamwinua mabegani, safari ya jikoni kwa Simba.

Bi Nguchiro alifurahi, kisha moyo ukamsuta. Akamkimbilia, akamnong'oneza, "Kana, Bwana Fisi! Sema ulitania!"

Fisi akacheka huku kichwa kikining'inia chini.

"Nikane? Wewe huoni wanavyonibeba juu juu? Sultani gani kabebwa hivi!"

Wanangu, anayewapokonya watu sifa zao hupewa na adhabu zao.