Kwaya Iliyomzika Bwana Harusi

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini walimjua mvivu mwenye kompyuta kabla hajazaliwa. Ndiyo maana walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kitu chema hakitoki chenyewe chini ya kitanda kikufuate uliposimama, kiuno kimenyooka kama mlingoti wa bendera. Asiyeamini amwulize Odilo wa Njombe.

Odilo alimaliza kidato cha nne, kisha akajifunza kuandika programu kwa kutazama video hadi macho yakawa mekundu kama nyanya. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko umeme. Baba yake, mzee Lenard, hakuona faida ya ulimi wala ya programu.

"Mjomba wako wa Matembwe anatafuta mtu wa kubeba mbao," alimwambia asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelalia viazi. "Mbao hazihitaji chaji."

Aliyemwokoa ni mama yake, Conjesta, kiongozi wa kwaya. Kwaya ilikuwa imealikwa kwenye tamasha huko Makambako, iimbe nyimbo za mwalimu wao marehemu. Nyimbo zenyewe zilibaki kwenye karatasi alizozipiga taipu zamani, wino umefifia na pembe zimeliwa na mende. Nakala nyingine hazikuwapo. Odilo akaahidi kuziskani, programu yake isome maandishi, kisha achape vitabu vipya.

"Kwaya ikiimba vizuri kwa vitabu vyako, kaa na kompyuta yako," baba alisema. "Ikiaibika, Jumatatu unapanda gari la Matembwe."

"Baba, hiyo ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja, halafu nikanywe chai."

"Kitufe chenyewe kinajua kuimba?" akauliza dada yake, Lightness.

Alibonyeza kweli. Maneno yakamwagika kwenye skrini kama mahindi kutoka guniani. Odilo hakusoma hata ukurasa mmoja. Akachapa vitabu, akavibana kwa pini, akavipeleka kanisani Ijumaa kwenye mazoezi, kifua mbele kama jogoo aliyetaga. Mama Conjesta akapunga mkono, sauti zikapaa:

"Bwana harusi simama, tumkabidhi mchanga,
Mwenzio amewasili, jeneza tumelifunga..."

Wanawake wakanyamaza. Besi wakaendelea peke yao, maana besi huwa hawasikilizi maneno, hadi wakamfukia bwana harusi kabisa. Mama Scolastika, mwimbaji wa sauti ya pili, akashusha kitabu.

"Odilo mwanangu, tunamwozesha au tunamzika? Tujue tuvae nguo gani."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mama Conjesta hakucheka. "Tamasha ni keshokutwa," alisema kwa sauti ndogo, na sauti hiyo ilimchoma Odilo kuliko kicheko.

Chanzo kilikuwa hiki: marehemu alikuwa mbahili wa karatasi. Ukurasa mmoja aliugawa safu mbili, kushoto wimbo wa harusi na kulia wa mazishi. Kiitikio nacho alikipiga ubavuni, karatasi ikiwa imelazwa. Wanakwaya walilizoea hilo tangu utotoni. Programu haikulijua. Ilisoma kutoka kushoto moja kwa moja hadi kulia, ikivuka safu kama mbuzi avukaye uzio wa jirani.

Jumamosi asubuhi Odilo alijaribu programu nyingine, akitumaini kitufe kingine. Nayo ikazika vilevile. Hapo akakubali yaishe. Meza ilikuwa ndogo, akazitandaza karatasi sakafuni, akapiga magoti juu ya saruji, na baridi ya Njombe haina undugu na mtu. Kwa penseli akaanza kuzungushia kisanduku kila neno kwenye fotokopi, apate kuona mashine inavyoona.

Kisanduku baada ya kisanduku, jambo likamjia. Mashine ilikuwa imegundua kila neno pamoja na mahali pake. Yeye ndiye aliyebakiza maneno na kutupa mahali, sawa na tarishi anayechana bahasha zote kisha anashangaa barua ni za nani.

Akaandika programu upya. Kila neno sasa likapewa anwani yake: ukurasa gani, umbali gani kutoka kushoto, umbali gani kutoka juu, limesimama au limelala. Kisha akaiamuru imalize safu ya kushoto yote ndipo ihamie ya kulia.

Lightness akachungulia mlangoni. "Naona kitufe kimekuagiza udeki."

"Acha maneno, njoo unisomee hiki kiitikio."

"Kimelala."

"Na wewe lala."

Dada akalala kweli, shavu sakafuni, akasoma huku akicheka. Maneno ambayo mashine iliyatilia shaka yakatiwa rangi nyekundu, na hayo Odilo akayalinganisha na karatasi ya zamani moja baada ya jingine, magoti yakaota sugu kama ya ngamia. Hatimaye skrini ikaleta: "Bwana harusi simama, mwenzio amewasili." Odilo akaruka juu, akamshika dada yake mikono, wakaimba wimbo wote wakizunguka karatasi. Safari hii kabla ya kuchapa alisoma kila ukurasa.

Jumapili Makambako ilikuwa na upepo wake ule wa kunyang'anya watu kofia. Kwaya ikapanda jukwaani. Odilo alisimama nyuma kando ya baba yake. Ubeti wa kwanza ukapita salama. Kiitikio kikalipuka, vigelegele vikapaa, akina mama wa kwaya nyingine wakaacha viti na kucheza. Hata besi waliimba maneno.

Mzee Lenard alijipapasa mfukoni. Alitoa simu, akampigia mjomba wa Matembwe. "Kamwene, shemeji. Hizo mbao tafuta mtu mwingine. Huyu wangu amepata kazi, tena ya magotini."

Odilo akacheka, akainama kuyasugua magoti ambayo bado yalimuuma. Basi hukumu ni moja kwa mwenye kompyuta na asiye nayo: mtaka cha mvunguni sharti ainame.