Vitovu vya Korongoni

Mmeniuliza kwa nini vichaka vya korongoni vimesongamana hadi sungura hapenyi, na huku juu kila kimoja kimejitenga. Swali zuri. Hata mimi liliniwasha nikiwa mdogo, nikamsumbua bibi yangu mpaka akanieleza.

Hapo kale korongo lilikuwa udongo mtupu, toka ukingoni hadi mtoni. Vichaka vyote viliishi nyuani mwa watu. Mtoto akizaliwa, kitovu chake kilizikwa chini ya kichaka, na kichaka kikawa chake; kikidhurika, naye hudhurika. Watu walivijali kupita kiasi. Mtu alikuwa radhi kumpa mgeni kitanda chake, lakini si kijiti cha mswaki kutoka kichaka chake.

Kila masika mto uliumega ukingo, hadi nyumba ya mjane aitwaye Mboni ikabaki hatua tano tu kutoka kwenye poromoko. Mboni akagundua jambo: uani kwake, chini ya kichaka cha mwanawe Shemweta, mvua haikuchukua udongo hata kidogo. Akafukua mizizi kidogo, akaitazama, akafikiri. Kisha akawaendea majirani.

"Jamani, tuvihamishie vichaka vyetu mtoni. Vitaushika udongo."

"Kitovu hakihamishwi, Mama Shemweta," akajibu mzee Semkiwa. "Unataka watoto wetu wasombwe?"

"Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, mzee wangu. Leo ni mimi."

Wakamcheka. Mboni akaking'oa cha mwanawe, ingawa aliogopa kwelikweli, akakipanda ukingoni. Mafuriko ya kwanza yalipopita, watu walikuta ukingo umekatika tena, na jiko la Semkiwa limekwenda na maji. Palisalia kipande kimoja, upana wa mkeka, nacho kimeshikwa na kichaka cha Shemweta. Shemweta mwenyewe alikuwa kando yake, mzima, anatafuna muhogo.

Hakuna aliyecheka tena. Semkiwa ndiye aliyetangulia kuchimbua. Walivipanda vikabanana, kwani mahali palikuwa padogo, na mizizi ikaingiliana isijulikane ipi ya nani. Nyumba ya Mboni ikapona. Huku juu vikabaki vichache vya wabishi.

Na tangu siku hiyo vichaka vya korongoni huishi kwa kushikana, na mkata kuni wa kwetu hashuki huko na panga. Hajui kitovu atakachokata ni cha hasimu wake, au ni chake mwenyewe.