Pole za Fisi na Ndoana za Bi Zawena

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na mto."
"Mto ukawa na kambare."
"Palikuwa na kambare."
"Kambare wakaliwa na nani?"
"Ndiyo ngano yenyewe. Kaeni vizuri."

Nguchiro alikuwa mvuvi mdogo wa mto mdogo. Alifiwa na mkewe, Bi Zawena. Majirani wakaja matangani, wakatoa pole, wakala, wakaenda zao. Fisi naye akaja, akatoa pole, akala. Kesho yake akarudi.

"Pole, shemeji," akasema mlangoni. "Marehemu alikuwa dada yangu kabisa. Na hicho kinachonukia ni kambare?"

Nani amfukuze mtu aliyekuja kutoa pole? Nguchiro akamkaribisha. Fisi akala, nyafu! nyafu! akalamba na sufuria. Kesho yake, "Pole, shemeji." Nyafu! nyafu! Kesho kutwa, "Pole, shemeji." Nyafu! nyafu! Siku thelathini na nane Nguchiro alipewa pole, na siku thelathini na nane alilala na njaa.

Zikabaki siku mbili arobaini ifike. Wageni wangekuja kumwombea Bi Zawena, na wageni hulishwa. Nyumbani hapakuwa na hata mkia wa kambare.

"Mke wangu aombewe na watu wenye njaa?" Nguchiro akajiuliza. Akaenda mtoni, akavuta mshipi kwa hasira, ka! Ndoana yake ikavunjika.

Nyumbani zilikuwapo ndoana mbili za mkewe, alizozipinda kutokana na sindano za kushonea mikeka. Zilipinda mpaka ncha ikaitazama shingo yake yenyewe, kama pete iliyokosa kidogo tu kufunga. Miaka yote Nguchiro alizicheka: "Hizi za kuvulia nini, mke wangu? Vyura?" Sasa hakuwa na nyingine. Akauzungusha mshipi kwenye shingo ya ndoana mara saba, kama alivyokuwa akimwona mkewe akifanya. Akalitemea fundo mate kidogo lilainike, ndipo akalikaza. Ndi!

Kambare akauma. Nguchiro akanyakua, pwa! Patupu. Akauma mwingine. Akanyakua, pwa! Patupu. Hapo akakumbuka maneno ya mkewe: "Wewe unavuta mno. Mwache aende zake."

Akauma wa tatu. Nguchiro akatulia, na kutulia kulimwia kugumu kuliko kuvuta. Kambare akaenda zake, taratibu, taratibu, na ndoana ikateleza ndani ya kinywa, ikajishika yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Ndi!

Nguchiro akamtazama kambare yule kwa muda mrefu. Kisha akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kambare yule Fisi alimla siku ya thelathini na tisa, pamoja na pole zake.

Asubuhi ya arobaini, Nguchiro akavua kambare mnono, akaificha ndoana moja mdomoni mwa samaki huyo, akaifunga ndoana kwa kamba nene ya mkonge kwenye mzizi wa mkuyu kando ya njia. Fisi akatokea.

"Pole, she..."

"Shemeji, huyu ni wa wageni. Ukishindwa kabisa kujizuia, mle hapa hapa, umekaa. Ila usikimbie naye."

"Nisikimbie naye?" Fisi akawaza. "Kumbe hicho ndicho anachokiogopa!" Akamdaka kambare, akatimka, puku! puku! puku! Kamba ikafika mwisho. Ndi! Ndoana ikamshika kwenye pembe ya mdomo.

"Legeza, shemeji," Nguchiro akasema. "Nisogelee hatua moja tu, itatoka yenyewe."

"Nikusogelee unikamate? Mimi nimevunja mifupa ya nyati!" Akavuta. Fundo likakaza. Akavuta zaidi. Fundo likakaza zaidi.

"Legeza, shemeji."

"Sidanganyiki!"

Basi Nguchiro akachukua ndoana ya pili, akaenda mtoni. Kila kambare aliyeuma alimwacha aende zake. Kufikia adhuhuri walikuwa kumi na wawili.

Wageni wakaja, wakipita chini ya mkuyu.

"Pole, Bwana Fisi," akasema Kobe.

"Pole sana, Bwana Fisi," akasema Kanga.

"Pole, ndugu yangu," akasema Ngiri. "Na hicho kinachonukia kule ndani ni kambare?"

Wakaingia, wakamwombea Bi Zawena, wakala, wakashiba. Fisi alisikia kila tonge.

Alasiri alichoka, akaketi. Kamba ikalegea. Ndoana ikadondoka, ti! Fisi akaondoka bila kuaga, na mpaka leo hajarudi kutoa pole.

Nguchiro akaiokota ndoana, akaifuta, akairudisha pale mkewe alipokuwa akiiweka.

Sasa fundisho, watoto: nguvu ndiyo kila kitu. Fisi asingekuwa na nguvu zile, Nguchiro angemkamata vipi? Basi vuteni, vuteni sana.

Ngano yangu nimeizungusha mara saba, nimeilowesha, nimeikaza. Atakaye kuifungua, asivute.