Mbili za Kioo, Mbili za Akriliki

Sogeeni. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana huko mbele sikuweka pa kuchekea.

Mzee Ntahondi wa Kigoma alikuwa mpiga mbizi. Alizamia samaki wadogo wa rangi wa Ziwa Tanganyika, wale wanaosafirishwa wakiwa hai ndani ya mifuko ya maji ili watu wa mbali wawaweke sebuleni. Miaka thelathini alizama na kuibuka. Siku moja akaibuka haraka mno kutoka kina kirefu, na miguu yake ikafa kuanzia kiunoni. Ungeweza kumchoma sindano ya paja naye akaendelea kukusimulia habari zake.

Yeye na mkewe, Bi Nyamweru, walikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Bukuru, pacha aliyetangulia, alikuwa fundi vioo, na mkono wake ulipopita juu ya kioo hakuna aliyehitaji kupima tena. Butoyi, pacha aliyemfuata, alikuwa fundi wa mabango ya akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo; aliipasha moto akaikunja alivyotaka. Siza, binti aliyezaliwa baada ya mapacha, alijua kuuguza. Ni yeye aliyemgeuza baba yake kitandani asubuhi na jioni kwa miaka minne, na hadithi hii ni yake kuliko ya wengine.

Mzee alipoacha kula, Siza aliwaita kaka zake.

"Hataki uji, hataki mchuzi. Anasema anataka kuwaona samaki wake kabla hajafa."

Basi wakakubaliana kumjengea tangi kubwa la samaki pale sebuleni, la mita mbili kwa urefu. Ugomvi ukaanza siku ile ile.

"Kioo, baba," alisema Bukuru. "Utakisugua miaka ishirini na bado utahesabu magamba ya samaki. Akriliki ikiguswa na mchanga inachubuka. Baada ya mwaka utakuwa unatazama ukungu."

"Kioo ni kizito, na kikigongwa kimekwisha," alijibu Butoyi. "Akriliki unaipiga ngumi inakurudishia. Halafu hapa analala mgonjwa, kaka. Kioo kikipasuka, nani atamtoa baba katikati ya vipande?"

Mzee aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Lazima mjue kwamba katika ukoo ule mapacha hawakupewa kitu kwa kuzidiana hata siku moja. Ukimvisha mmoja, mvishe na mwenzake; ukimchapa mmoja, mchape na mwenzake. Walipokuwa wadogo Bukuru alinunuliwa viatu peke yake, na Butoyi akaugua homa nusura afe. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

"Pande mbili kioo, pande mbili akriliki," alisema mzee. "Mbele na kushoto ni za Butoyi. Nyuma na kulia ni za Bukuru. Chini tutamwaga zege. Sasa nani kanyimwa?"

Mmezoea kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawa walilisikia, wote watatu.

Bukuru alilisikia. Alijua kwamba ile gundi ya vioo hung'ang'ania kioo kwa kioo, lakini kwenye akriliki inajilaza tu, na siku yoyote inaweza kubanduka. Kila fundi vioo anajua. Lakini angesema hivyo, tangi lote lingekuwa la kioo, kazi yote ingekuwa yake, na mwenzake angerudi kuwa mtoto asiye na viatu. Akaipaka gundi mara mbili, akanyamaza.

Butoyi naye alilisikia. Alijua kwamba akriliki husukumwa na maji ikatoa kitambi, na kwamba tangi la ukubwa ule linataka mkanda wa chuma kulizunguka juu. Wiki ya pili baada ya tangi kujazwa maji, aliona upande wa mbele umevimba kiasi cha unene wa kidole. Lakini siku hiyo hiyo baba yake alikuwa amemwambia, "Upande wako ndio unaonionyesha samaki vizuri." Maneno hayo Butoyi aliyangoja tangu utotoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye aliuficha uvimbe kwa kuliegemea tangi kila mgeni alipoingia.

Na kwa kweli mzee alifufuka. Wenzake wa zamani walimletea samaki kumi na wawili, wa manjano na wa bluu. Alikula uji, akaomba na ndizi. Akataka godoro lake lishushwe sakafuni, upande wa kulia wa tangi, ili awatazame samaki wakichimba mchanga. Siza alimshusha. Alifurahi mno, masikini, hata akaimba akifua.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana, Siza yuko nje anaanua nguo. Alisikia kishindo, kisha maji yakatoka mlangoni yakimfuata miguuni. Alikimbia ndani. Upande wa mbele ulikuwa umebanduka mzimamzima, na kioo cha kulia, kilipokosa wa kukishika, kilikuwa kimeanguka na kuvunjika. Baba yake alikuwa amelala pale pale, amelowa, shuka jeusi limemfunika hadi kifuani. Macho yake yalikuwa kwenye samaki waliokuwa wakirukaruka sakafuni.

"Baba, umeumia?"

"Sisikii kitu. Samaki kwanza, mwanangu. Samaki kwanza!"

Siza alijua. Muuguzi wa zahanati alimfundisha tangu mwaka wa kwanza: mgonjwa asiyehisi miguu akianguka au akigongwa, usimwulize kama anaumia, mfunue umtazame mwili mzima. Alijua, lakini baba yake alikuwa analia. Hakuwa amewahi kumwona akilia, hata siku ile miguu ilipokufa. Akachukua ndoo. Akawakimbiza samaki chini ya kabati, chini ya viti, mmoja mmoja, akateleza, akainuka.

"Kumi na mmoja, baba! Kumi na mmoja wazima!"

Mzee hakujibu. Siza alipolifunua shuka alikuta kipande cha kioo kimezama nyuma ya paja, na godoro limeinywa damu yote. Mzee hakuhisi, na godoro halikusema.

Walimzika kesho yake. Siku ya tatu, mama yao, Bi Nyamweru, aliwaita mbele ya watu wa ukoo.

"Akriliki yangu haina hata ufa," alisema Butoyi. "Gundi ndiyo iliyoachia."

"Gundi iliachia kwa sababu upande wako ulivimba," alisema Bukuru. "Na angefunuliwa mapema, baba angekuwa hai."

Siza alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Labda kosa ni la marehemu mwenyewe," shangazi mmoja alinong'ona.

"Marehemu hafukuzwi nyumbani," alisema Bi Nyamweru. "Mimi nataka mmoja. Siwezi kuwachukia watatu, nitabaki na nani? Mmoja atabeba kifo hiki, ataondoka leo, na hatarudi hadi siku ya kunizika. Wengine wabaki wanangu."

Kisha Siza akauona uso wa mama yake ukipiga hesabu. Mapacha hawatenganishwi: akimfukuza Bukuru, lazima amfukuze na Butoyi, abaki na mtoto mmoja. Akimfukuza Siza, anabaki na wawili. Siza aliona mama anainua macho polepole, na akajua yanakuja upande gani. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya damu.

"Niambieni basi," mama aliuambia ukoo. "Ni nani?"

Mimi simtaji. Wote watatu walijua, wote watatu walitii, na wote watatu walimpenda yule mzee. Je, ingekuwa wewe umekaa kwenye mkeka ule, ungemtaja nani? Na ukitaja, taja kwa sauti. Siza amesimama mlangoni, anasubiri kukusikia.