Dozi ya Jogoo

Jogoo yeyote aliyempendeza Jumbe Mwinjuma aliishia kwenye chungu cha Jumbe Mwinjuma. Siku hiyo aliingia uani kwa mjane Bi Sikudhani, akamkuta jogoo mnene anapiga chafya mfululizo.

"Mlete huyo. Leo ndiye mchuzi wangu."

"Ana mafua, Jumbe, yumo kwenye dozi. Anayemla kabla dozi haijaisha huwika mpaka kufa."

"Imebaki nini?"

"Bakuli hili la maji ya shubiri, kisha kugaagazwa kwenye jivu."

"Si tumboni mwangu anakokwenda? Basi nitaimaliza mimi!"

Akagugumia shubiri yote machozi yakimtoka, akagaagaa jivuni na kanzu yake. Akainuka mweupe pe.

"Haya, nipe jogoo wangu."

"Haliwi, Jumbe. Bado anaumwa, na dawa yake yote umeinywa wewe."

"Chemsha nyingine!"

"Mshubiri wenyewe ndio kwanza unachipua."

Jumbe akaondoka akicheua uchungu. Bi Sikudhani akampakata jogoo, akampangusa pilipili puani. Chafya zikakoma, jogoo akawika kwa nguvu.

"Nyamaza," akamnong'oneza. "Wewe mgonjwa."