Muhuri wa Mzee Chani

Sogeeni karibu. Leo nawaletea kesi iliyonishinda, mniamulie nyinyi.

Kisiwani Pemba walikuwako ndugu watatu. Mwanakheri alijaliwa sikio: sauti aliyoisikia aliirudia vilevile. Riziki alijaliwa mkono wa kuuguza. Faki hakuwa na lolote ila miguu na ubishi. Akitafuta kitu, harudi mikono mitupu.

Baba yao, Mzee Chani, alitoka Uchina akiwa kijana kununua majongoo ya pwani. Akasilimu, akaoa, akazungumza Kipemba kama mzawa. Uzeeni akapigwa na kiharusi. Alipozinduka, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Ilibaki lugha ya utotoni mwake, ambayo hakuwahi kuwafundisha wanawe.

"Baba, wataka nini?"

Akasema maneno yale yale, akalia. Wakalia naye.

Mdomo ulikuwa umepinda, maneno yakitoka yamepondeka. Mwanakheri akakaa kitandani pake, akayaokota moja moja mpaka akaweza kuyatamka yote, bila kujua maana ya hata moja.

Mzee alikataa chakula. Riziki akakumbuka uji wa mchele na tangawizi ambao baba aliwapikia walipougua. Kwa uji huo, kijiko kwa kijiko, mzee akaishi siku tisa.

Faki akaenda kwa daktari Mchina hospitalini, akamtajia mji alikotoka baba. Daktari akatikisa kichwa: "Huko kwao ni kusini. Lugha yao siijui." Faki akavuka hadi Unguja, akauliza duka kwa duka, mpaka akampata Bi Amoi, kikongwe wa Kichina aliyezaliwa hapo Unguja, aliyeijua lugha hiyo kwa wazazi wake. Akapiga simu nyumbani.

"Dada, sema."

Mwanakheri akasema. Bi Amoi akafasiri.

"Anasema: 'Nilimuaga mama kwamba naondoka siku tatu tu, sikurudi. Muhuri wangu umo mkobani. Ndio utakaowajulisha watu wetu kwamba niliishi. Apewe mwanangu aliyenielewa.'"

"Bibi, nifundishe kumjibu kwamba tumemwelewa," alisema Mwanakheri.

Akamfundisha. Mwanakheri akageuka. Riziki alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Dada, hamezi."

Walipomzika waliutoa muhuri: kijiwe kama kidole gumba, kimechongwa jina lake. Haugawanyiki.

"Chukua wewe, dada," alisema Faki. "Mimi hata sikuwapo alipokata roho."

"Mimi nilitamka tu. Sikuelewa kitu."

"Nami nilimlisha tu," alisema Riziki.

Muhuri uko mezani mpaka leo, hakuna aliyeugusa. Je, wewe unayenisikiliza, ungemkabidhi nani?