Ukuta wa Zahanati ya Mtonyo

Sikilizeni vizuri, maana nikimaliza kusimulia, uamuzi ni wenu.

Palikuwa na mafundi watatu wanawake. Somoe alikuwa na jicho la kuona kutu hata iliyojificha chini ya kichwa cha msumari. Bikombo alijua kuchanganya rangi ya zinki, ile ya kijivu inayopakwa kwanza. Saada alikuwa na mkono mwepesi. Akipaka rangi ya juu, huoni brashi ilipopita.

Waliitwa kwenye zahanati ya Mtonyo, kando ya mashamba ya chumvi. Kuta zake zilikuwa za mabati, na hewa ya chumvi ilikwisha kuanza kuyala.

Somoe alisugua siku sita kwa brashi ya waya na msasa. Mganga wa zahanati akamwambia, "Dada, inatosha, pakeni."

"Haijatosha. Rangi ikikaa juu ya kutu, itabanduka tu."

Bikombo akapaka zinki kila mahali, hata kwenye kingo zilizokatwa. "Hii inakubali kuliwa yenyewe kabla chuma hakijaguswa," alisema.

Saada akamalizia kwa rangi ya juu, mara mbili, asiache hata tundu la sindano la kupitisha maji.

Miaka tisa ikapita. Mchana mmoja kimbunga kikapiga. Zamoyoni, mama mjamzito, alikuwa ndani ya zahanati, uchungu umemkaza. Ghala la jirani halikuwahi kupakwa. Mabati yake yaliyooza yakachanika kama karatasi. Wauguzi wakashikilia kitanda, wakisubiri ukuta ung'oke. Haukung'oka. Upepo ulipotulia, kilichosikika ni kilio cha mtoto wa kike. Muuguzi Tekla akaketi sakafuni, anacheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake ukuta ukakaguliwa. Rangi haikubanduka popote. Palipokwaruzwa na tawi miaka iliyopita, zinki ilionekana, kutu hakuna. Kwingine kote, maji hayakupata pa kupenya.

Zamoyoni akawaita mafundi. "Nataka mwanangu achukue jina la aliyetuokoa. Ni nani?"

"Mwite Bikombo," alisema Somoe. "Bila zinki, ule mkwaruzo ungetoboa ukuta."

"Mwite Saada," alisema Bikombo. "Bila rangi yake, zinki yangu ingeliwa ikaisha."

"Mwite Somoe," alisema Saada. "Bila yeye, vyote viwili vingebanduka."

Leo ni siku ya saba. Mtoto amenyonya, amelala, na wageni wanangoja kusikia jina. Je, wewe ungempa la nani?